Nani Alisema Ajali Haina Kinga?

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa. Kazi ya kuandika programu ina misimu yake kama kilimo, na huu umekuwa msimu wa palizi: ukimaliza kung'oa hitilafu moja, nyingine mbili zimeshachipuka nyuma yako. Lakini wiki iliyopita nilipokea barua pepe iliyoninyima usingizi, na nimeona heri niandike hapa, nipunguze mzigo, na pengine mtu mahali fulani afaidike.

Barua yenyewe ilitoka kwa wanafunzi wa klabu ya uhandisi katika chuo kikuu nilichosomea. Chuo sitakitaja, si muhimu. Wamepanga miradi minne ya mwaka huu, na wanamtafuta mtu aliyewahi kuwa mwanachama aipitie kabla hawajaipeleka kwa mhadhiri ambaye ni mlezi wao. Wanataka pia jina langu liandikwe chini ya pendekezo kama mshauri. Miradi ni hii: baiskeli ya umeme itakayotumia seli za betri za tarakilishi kuukuu, ndege ndogo isiyo na rubani ya kupiga picha mashamba, mashine ya kuchoma michoro kwenye mbao kwa kutumia transfoma ya maikrowevu, na, mtaamini? mashine ya kupukuchua mahindi.

Nilipofika kwenye huo wa mwisho nilifunga tarakilishi nikatoka nje kutembea. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Mahindi ya 2009

Mwaka wa 2009 nilikuwa mwaka wa tatu. Klabu yetu ilikuwa na wanachama kama ishirini, chumba kimoja kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika, chuma kimoja cha kulehemu, na moyo mkubwa. Tuliamua kujenga mashine ya kupukuchua mahindi kwa ajili ya maonyesho ya chuo. Tulijiambia hiki ni kitu cha maana, kitu ambacho mama zetu nyumbani wangekitumia, si vile vitaa vya kumetameta ambavyo kila mtu huleta. Mota ya waipa za gari tuliinunua Kirinyaga Road, Nairobi. Mnyororo na gia tulipewa na fundi wa baiskeli. Pipa lilitengenezwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Vifaa vya elektroniki tulivipata Luthuli. Na ubongo wa mashine, chipu moja ya ATmega8, ulikuwa kazi yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejifanya najua programu.

Sasa, mota ya waipa ni kitu cha kudanganya. Inazunguka polepole. Inatumia volti 12 tu, na ukishika nyaya zake kwa mikono mikavu huhisi lolote. Kwa hivyo tuliidharau. Lakini ndani yake mna gia inayogeuza kasi kuwa nguvu, na mnyororo unaovutwa na nguvu hiyo hautofautishi gunzi na kidole.

Msidhani hatukufikiria usalama. Tuliufikiria. Kifuniko kilikuwa na kiswichi. Ukikifunua, kiswichi kinaiarifu chipu, programu yangu inasoma habari hiyo, kisha inazima mota. Nilijivunia sana mistari hiyo ya programu. Niliijaribu mara nyingi na kila mara mota ilisimama.

Jioni moja, siku mbili kabla ya maonyesho, gunzi lilikwama. Mwenzangu tuliyekaa naye chumba kimoja hosteli akafunua kifuniko. Mota ikazimika kama kawaida. Akatia mkono karibu na mnyororo ili alichomoe. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, waya wa tarakilishi yangu ukiwa bado umechomekwa kwenye chipu. Nilikuwa nimebadilisha namba moja tu katika programu, namba ya kasi. Nikabonyeza kitufe cha kupakia toleo jipya.

Wanaozijua chipu hizi wameshaelewa. Wakati chipu inapokea programu mpya, ile ya zamani haifanyi kazi. Haisomi kiswichi, haizimi chochote. Pini zake zinaachwa zikielea, haziko juu wala haziko chini. Pini iliyokuwa ikiiamrisha transista ya mota nayo ikaelea. Transista ya aina ile tuliyotumia, MOSFET, hufunguliwa na chaji ndogo sana kwenye lango lake. Lango likiachwa bila mwenyewe linaweza kufunguka kwa chaji iliyobaki tu au iliyookotwa kutoka kwenye nyaya za jirani. Likafunguka. Mota ikazunguka kwa sekunde kama mbili. Nilisikia ukelele kabla sijainua macho.

Alipoteza ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia.

Hospitalini kila aliyekuja kumwona alisema maneno yale yale: ajali haina kinga. Wahadhiri walisema, wazazi walisema, nami nikayakumbatia maneno hayo kwa sababu yalinisitiri. Klabu ilifungwa mwaka mzima. Ripoti ikaandikwa kwamba mashine "ilijiwasha yenyewe." Mimi nilijua haikujiwasha. Nilinyamaza.

Kitu ambacho kingezuia yote hayo ni resista moja ya ohm 10,000, iliyounganishwa kutoka kwenye lango la transista hadi upande hasi wa betri. Kazi yake ni kulivuta lango chini wakati hakuna anayeliamrisha. Bei yake ni shilingi chache. Ukinunua andazi unabakiwa na chenji ya kuinunua.

Swali alilouliza rafiki yangu

Ilinichukua miaka sita kumwambia. Tulikutana katika harusi ya mwenzetu mwaka wa 2015, yeye sasa ni mwalimu wa hesabu shule ya upili, anashika chaki kwa namna yake mwenyewe. Nikamvuta kando nikamweleza: ni mimi niliyebonyeza. Alinyamaza, akakitazama kidole chake, kisha akasema, "Lakini mbona kitufe kimoja kilitosha kunikata kidole?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nimelitafuta jibu tangu wakati ule, na nadhani ndilo ninalotaka kuwapa wanafunzi hawa.

Sisi watu wa programu tumelelewa vibaya kwa jambo hili. Katika kazi yetu kukosea ni sehemu ya kujifunza. Unaandika, unaendesha, inaanguka, unarekebisha. Nikiharibu faili narudisha toleo la jana. Ni malezi mazuri kwa mtu anayekaa mbele ya kioo, lakini siku programu inapounganishwa na mota, betri au panga linalozunguka, hakuna toleo la jana la kidole. Na tatizo la klabu za wanafunzi ni kwamba siku hizi kila mradi una chipu ndani yake, kwa hivyo tabia za watu wa programu zinaingia karakana bila kubisha hodi.

Si sisi wa kwanza kuumizwa na hili. Kati ya 1985 na 1987 kulikuwa na mashine ya kutibu saratani kwa miale iliyoitwa Therac-25, ikitumika Marekani na Kanada. Wagonjwa sita walipigwa na miale kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya kimwili: kama mambo hayakuwa sawa, umeme ulikatwa, na programu haikuulizwa. Katika Therac-25 kazi hiyo iliachiwa programu. Baadaye ikagunduliwa kwamba kasoro mojawapo ilikuwemo hata katika programu ya Therac-20. Ila kwenye mashine hiyo ya zamani, kasoro ilipotokea fyuzi ilikatika, mafundi wakanung'unika, na hakuna mgonjwa aliyeumia.

Isome tena hiyo. Hitilafu ni ile ile. Mahali pamoja ilikata fyuzi, mahali pengine iliua mtu.

Mfano mwema uko hapa kwetu. Setilaiti ndogo ya University of Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi wa Mei 2018. Setilaiti za aina hiyo, CubeSat, hazikubaliwi zikae zimewaka karibu na wanaanga. Sharti ziwe na swichi za kimwili zinazobanwa na kisanduku zilimofungiwa, na umeme unabaki umekatwa hadi setilaiti itakaposukumwa nje. Hakuna anayetegemea mistari ya programu kusema "subiri kwanza." Kama kanuni hiyo inafaa kwa setilaiti, inafaa pia kwa mashine ya mahindi.

Kwa hiyo jibu la swali la rafiki yangu ni hili: kitufe kimoja kilitosha kwa sababu sisi tulipanga mradi ili kitufe kimoja kitoshe. Hatukukusudia, lakini tulipanga hivyo. Ajali ile ilikuwa imechorwa kwenye karatasi wiki nyingi kabla ya gunzi kukwama. Na kitu kilichochorwa kinaweza kufutwa.

Maneno matano

Wataalamu wa usalama kazini wana mpangilio wao wa kinga, kutoka ile yenye nguvu hadi ile dhaifu. Mimi nimeufupisha kwa maneno matano ili wanafunzi waukumbuke: ondoa, badilisha, zuia, elekeza, vaa. Hebu tuyapitishe kwenye mashine ya mahindi.

Ondoa. Je, mota inahitajika kweli? Kama lengo la muhula wa kwanza ni kujua umbo la pipa linalopukuchua vizuri, tumia mkono wa kuzungusha. Mtu akipiga kelele, anayezungusha ataacha.

Badilisha. Mnyororo hauna huruma. Mkanda wa mpira uliolegezwa kiasi utateleza gunzi likikwama.

Zuia. Funika mnyororo wote kwa bati lililofungwa kwa bolti, si kwa kamba. Kiswichi cha kifuniko kikate umeme wa mota chenyewe, kupitia relei, bila kuomba ruhusa ya chipu. Na mtu akifunga kifuniko mota isiwake yenyewe. Lazima mtu abonyeze kitufe cha kuanza tena. Ile resista ya ohm 10,000 iwekwe, tafadhali.

Elekeza. Kabla ya mkono kuingia, plagi ya betri ichomolewe, na anayeingiza mkono aiweke plagi hiyo mfukoni mwake. Si mezani, si kwa mwenzake. Mfukoni mwake.

Vaa. Miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika vidole. Hapa niongeze tahadhari ambayo wengi hawaijui: usivae glavu karibu na keekee au mashine yoyote inayozunguka. Glavu ikinaswa inauvuta mkono wote ndani. Kadhalika tai, mikono mirefu ya shati, na nywele ndefu zisizofungwa.

Klabu nyingi huanzia mwisho wa orodha. Zinanunua miwani mitano, zinabandika karatasi ukutani yenye maandishi mekundu, basi, usalama umekwisha. Vaa ni ya mwisho kwa sababu inakubali kwamba hatari bado iko palepale, inakusubiri usahau.

Miradi mingine mitatu

Haya, turudi kwenye orodha yao.

Mradi wa kuchoma michoro kwenye mbao nimeukataa kabisa. Najua michoro yake inapendeza, kama mizizi au radi iliyoganda. Lakini transfoma ya maikrowevu hutoa volti 2,000 hivi, na ina uwezo wa kusukuma mkondo mkubwa. Tupige hesabu ya stima ya kawaida kwanza. Mwili uliolowa tuuhesabie ohm 1,000. Kwa volti 240 za soketi zetu, mkondo unaopita ni miliampea 240. Zile swichi za kinga zinazokata stima inapovuja kupitia kwa mtu hupangwa zikate kwenye miliampea 30, kwa hivyo hiyo ni mara nane. Kwa volti 2,000 unazungumzia ampea 2. Ubaya zaidi ni kwamba transfoma hutenganisha upande wa kutoa na upande wa soketi, kwa hivyo ile swichi ya kinga haioni kitu mtu akishikwa. Watu wameuawa na kazi hii, wakiwemo watu wazima wenye uzoefu. American Association of Woodturners, chama cha wachongaji mbao wa Marekani, kimeipiga marufuku katika shughuli zake. Wanafunzi wetu nimewapendekezea mashine ya kuchora kwa kalamu inayoendeshwa na mota mbili za volti 12. Watajifunza hesabu nyingi zaidi, na ikikosea itaharibu karatasi.

Baiskeli ya umeme nimeikubali, kwa masharti. Betri wanayoitaka ni seli 10 kwa mfululizo, volti 36, ikijaa inafika 42, uwezo ampea-saa 10. Zidisha: wati-saa 360. Kila wati-saa moja ni juli 3,600, kwa hivyo ndani ya kisanduku hicho mna juli karibu milioni 1.3. Nishati hiyo ingeweza kuinua gunia la mahindi la kilo 90 karibu kilomita moja na nusu juu. Nawapenda vijana hawa lakini sitaki gunia hilo chini ya kitanda cha mtu hosteli.

Seli za tarakilishi kuukuu zina shida yake. Kila moja imezeeka kwa kiwango chake. Zikifungwa mfululizo, ile dhaifu hujaa kwanza na kuisha kwanza, halafu wenzake wanaendelea kuisukuma. Seli ya aina hiyo haifai kupita volti 4.2. Ikizidishwa sana, au ikitobolewa, au nyaya zake zikigusana, hupata joto, na joto hilo huzaa joto zaidi hadi moto. Kwa hivyo mwaka huu wanunue betri iliyofungwa kiwandani yenye bodi yake ya ulinzi. Fyuzi ikae karibu kabisa na upande chanya wa betri, maana waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Kuchaji ni mchana, mtu akiwepo, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mlango ambao watu watahitaji kuutumia wakikimbia. Pete na saa za chuma zivuliwe: volti 12 hazikurushi, lakini betri ya gari ikipitisha mkondo wake kwenye pete, pete hiyo itakuunguza hadi ndani ya nyama. Na majaribio ya kwanza yafanywe gurudumu likiwa limeinuliwa hewani.

Ndege isiyo na rubani nayo nimeikubali. Sheria moja ya mezani: mapanga yanaondolewa kila wakati programu inapobadilishwa. Kila wakati. Mnajua sasa kwa nini nasisitiza. Sheria ya pili ni ya nchi: Kenya ina kanuni za ndege hizi tangu 2020, na wanaozisimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Vibali vitafutwe mwanzo wa mradi, si wiki ya maonyesho. Nimeona miradi mizuri ikilala kabatini kwa sababu ya karatasi moja.

Karatasi moja kabla ya chuma

Kwa kila mradi nimewaomba waandike ukurasa mmoja kabla hawajanunua hata skrubu. Ukurasa huo ujibu maswali haya:

1. Kikiharibika, kitaharibika vipi? Wataje njia tano. Klabu isiyoweza kutaja njia tano haijakielewa kifaa chake.

2. Nishati iko wapi, na ni kiasi gani? Betri, springi, hewa iliyobanwa, kitu kizito kilichoinuliwa juu, joto. Chuma cha kulehemu chenyewe hufika nyuzi 350 na kinafanana vile vile kikiwa baridi.

3. Programu ikikwama, ikizimika au ikipakiwa upya saa hii hii, nini kitaendelea kuzunguka? Jibu linalokubalika ni moja tu: hakuna.

4. Kitufe chekundu kiko wapi, na kinakata nini? Kikate umeme wa mota, si kutuma ujumbe kwa chipu.

5. Jaribio dogo zaidi ni lipi? Taa ya volti 12 badala ya mota, mota bila mnyororo, mnyororo bila mahindi. Ngazi hupandwa kidato kimoja kimoja.

6. Nani yupo, na ni saa ngapi?

Hilo la sita wanafunzi hulidharau, kwa hivyo nilikae kidogo. Mwezi wa Aprili 2011, katika chuo kikuu cha Yale, Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuwa karakana usiku, peke yake, akitumia mashine ya kukereza chuma. Nywele zake zilinaswa. Alikutwa na wanafunzi wengine akiwa ameshakufa. Alikuwa amepata mafunzo ya mashine hizo. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Baada ya hapo chuo kilipunguza saa za kutumia karakana na kuweka wasimamizi. Yale, pamoja na utajiri wake wote, ilihitaji kitu ambacho klabu maskini kabisa ya Kenya inaweza kukipata bure: mtu wa pili, anayejua swichi kuu iko wapi.

Nasi tunajua kazi za klabu hufanywa saa ngapi. Usiku wa kuamkia maonyesho. Macho mekundu, chai ya rangi, na mtu anasema "tumalizie tu hii." Ajali yetu ilitokea siku mbili kabla ya maonyesho, na sidhani ilikuwa bahati mbaya ya kalenda. Kwa hivyo kila ratiba waliyonitumia nimeirudisha nyuma wiki mbili: mashine ikamilike wiki mbili kabla, na baada ya siku hiyo hakuna kinachoongezwa. Isipokamilika, itaonyeshwa ikiwa imezimwa, na mwanafunzi ataeleza kwa mdomo. Hakuna aibu.

Daftari la urithi

Jambo la mwisho, na ndilo linaloziua klabu kimyakimya. Wanachama huondoka. Kila baada ya miaka minne au mitano klabu yote imekuwa ya watu wapya, na wanachokijua wanakijua kwa kusimuliwa.

Huko Texas, Marekani, wanafunzi wa Texas A&M walikuwa na mila ya miaka mingi ya kujenga rundo kubwa la magogo na kuliwasha moto kabla ya mechi. Lilijengwa na wanafunzi wenyewe, kizazi kikifundisha kizazi. Rundo likakua na kubadilika umbo mwaka hadi mwaka. Tarehe 18 Novemba 1999, saa nane usiku ikiendelea, magogo karibu 5,000 yaliporomoka wajenzi wakiwa juu yake. Walikufa 12, wakajeruhiwa 27. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba rundo halikuwa na usanifu wa kihandisi ulioandikwa, na kwamba mabadiliko madogo madogo yalikuwa yamekusanyika kwa miaka bila mtu wa kuyapima. Hiki kilikuwa chuo chenye idara kubwa ya uhandisi hatua chache kutoka pale.

Klabu yetu ilipofunguliwa tena 2010, hakuna aliyeandika popote habari ya pini inayoelea. Ripoti ilisema mashine ilijiwasha yenyewe, na mashine inayojiwasha yenyewe haimfundishi mtu lolote. Ukimya wangu ulinilinda mimi, ukawaacha wazi wote waliokuja baada yangu. Ndiyo maana barua ile pepe ilinitoa nje. Katika mchoro walionitumia wa mashine ya mahindi kuna mota ya waipa, kuna mnyororo, kuna kiswichi cha kifuniko kinachoingia kwenye chipu, na lango la transista halina resista. Ni mchoro wetu. Umekaa kwenye kabati la klabu miaka yote hiyo, ukipita mkono hadi mkono, ukisubiri kidole kingine.

Kwa hivyo nimewaandikia ukurasa wa kwanza wa daftari. Una tarehe, una mchoro wetu wa zamani, una alama nyekundu pale kosa lilipo, na chini nimeandika nani alibonyeza kitufe. Nimewaomba kila kitu kitakachokaribia kumuumiza mtu kiandikwe humo bila kumwadhibu mwandishi. Mtu akiogopa kuadhibiwa atasema mashine ilijiwasha yenyewe, nami namwelewa sana mtu huyo.

Jina langu nimekubali liwekwe. Jumamosi ijayo naenda kuwaona, tufungue kifuniko cha ile mashine pamoja kabla haijapata umeme wowote. Nilimpigia simu rafiki yangu mwalimu nikamuuliza kama angependa kuja. Alicheka, akaniuliza kama bado nabonyeza vitufe bila kutazama. Kisha akasema atakuja, ila plagi ya betri itakaa mfukoni mwake.

Kama wewe msomaji una klabu, au mwanao ana klabu, au wewe ndiwe mhadhiri unayetia sahihi mapendekezo haya bila kuyasoma, tafadhali ulizia ule ukurasa mmoja. Nitawaeleza Jumamosi ilivyokwenda. Hadi wakati huo, kwaherini.